Namba Tisa kwenye Orodha ya Krismasi

Kila mwaka ikifika Desemba watu hugeuka wapole, mimi nazidi ubaya. Ndio wakati mhariri wangu, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, anaposimama mlangoni pa chumba changu cha kazi na kusema, "Wembe, orodha." Tafadhali haijui. Anataka filamu kumi za kutazama mtandaoni msimu wa Krismasi, za hadithi na za hali halisi, kila moja na aya yake, ili familia zilizokwisha kuchoshana zipate kitu cha kutazama badala ya kutazamana.

Wembe ndilo jina ninaloandikia. La kuzaliwa halijawahi kutokea gazetini hata siku moja, na nilitaka libaki hivyo, maana nimewachana watu wengi mno na baadhi yao wana ndugu wenye nguvu.

Sasa nikuambie siri ya kazi, kwa kuwa imeshafichuka na haina thamani tena. Hakuna binadamu awezaye kutazama filamu kumi kwa siku nne akabaki na macho. Kwa hiyo mimi nilikuwa natazama dakika ishirini za mwanzo na dakika kumi za mwisho. Niliuita mtindo wa kichwa na mkia. Katikati ni kiwiliwili tu, nilijiambia, na viwiliwili vyote vinafanana: watu wanagombana, mvua inanyesha, mtu anasafiri kwenda mahali kufikiri. Nimeandika hivyo miaka kumi na moja na wasomaji wakinisifu kwa jicho kali. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu zilichelewa tu.

Orodha ya mwaka huu ilikuwa takataka kama zile za nyuma. Namba moja, mjane mwenye duka la maua na mwokaji mikate asiyempenda mtu, wote wawili wazuri kupita kiasi kwa watu wanaoamka saa kumi alfajiri. Namba nne, filamu ya hali halisi kuhusu mchwa, ambao nilikiri kwamba wanaigiza vizuri kuliko yule mjane. Namba sita, kwaya ya wafungwa. Waliimba vibaya mwanzoni na vizuri mwishoni, nikaandika kwamba safari yao imenigusa. Safari yenyewe sikuiona.

Halafu namba tisa. "Mtu wa Chumba cha Juu," hali halisi, dakika themanini na nne, kuhusu mzee aliyekuwa akiendesha mashine za kuonyeshea sinema.

"Hii ni ya kijana fulani mpya," mhariri akasema. "Inasemekana inaliza."

"Hata kitunguu kinaliza," nikamjibu.

Sikumwambia kwamba kijana fulani ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yangu. Wala sikumwambia kwamba yule mzee ni baba yangu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatujasemezana miaka minne. Baba alilazwa wiki tisa kabla hajafa, na wiki zote tisa niliyekuwa pale ni mimi. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimnyoa, nilimlisha supu kwa kijiko cha chai. Huyu kijana wa sanaa alikuwa anakuja na kamera yake ya miguu mitatu, anaisimamisha mbele ya kitanda, anakaa nyuma yake kama karani. Siku moja nikaingia nikamkuta anampiga picha baba akiwa amelala mdomo wazi, mirija puani. Niliibeba ile kamera na miguu yake yote nikaitupa dirishani. Ilikuwa ghorofa ya pili. Nikamwita fisi mbele ya wauguzi, nikamwambia anasubiri mzoga. Yeye alisema neno moja tu, "Huelewi," akashuka kuokota vipande. Kadi ya ndani ilipona, kwa bahati mbaya, ndivyo nilivyoona wakati ule. Kwenye mazishi tulisimama huku na huku kwa mama kama nguzo mbili za goli. Baada ya hapo alinipigia simu mara kumi na mbili. Nilizihesabu, na sikupokea hata moja.

Basi asubuhi moja nikafunga mlango wa ofisi nikaitazama kazi yake. Kichwa: jengo la sinema la zamani, siku hizi ghala la magodoro, ngazi nyembamba, sauti yake ikisema mambo kuhusu mwanga na vumbi. Dakika ishirini zikatimia, nikaruka hadi mkiani. Hospitali. Mkono wa baba juu ya shuka. Kupumua. Na kando ya kitanda kiti cha plastiki, kitupu, picha ikakaa juu yake mpaka filamu ikaisha.

Kiti changu. Nilikikalia wiki tisa mpaka kikanitoboa sketi mbili, naye akakipiga picha kitupu, dunia nzima ione kwamba mzee alikufa bila mtu. Nikaandika kwa dakika saba, na hivi ndivyo ilivyotoka gazetini:

"Namba tisa iko hapa ili nikuonye. Kijana huyu amezifanya pumzi za mwisho za baba yake kuwa pambo la sikukuu. Katika dakika zote themanini na nne hakuna neno hata moja kuhusu mtu aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti. Tazama mchwa."

Niliipenda sana ile "tazama mchwa". Mtandaoni, chini ya makala, msomaji mmoja akauliza, "Wembe ametazama filamu gani?" Mwingine akajibu, "Hata mimi nashangaa." Nikasema hao ni wapambe wake, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu mama akanipigia.

"Umeandika," akasema. Mama ni mmoja wa watu watatu wanaojua Wembe ni nani.

"Nimeandika, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Krismasi, saa nane mchana, uje. Tutaitazama wote hapa nyumbani."

"Na yeye atakuwepo?"

"Kwani yeye nilimwokota?"

"Mama, mimi siwezi kukaa chumba kimoja na—"

"Usipokuja, hata siku ya kunizika usije."

Mama akishataja mazishi yake, mjadala umefungwa. Niliitikia, nikakata simu, nikatukana ukuta.

Nilifika saa nane na dakika tano, kwa makusudi. Sebule ya mama ni ileile: makochi yenye vitambaa vya kufuma migongoni, saa ya ukutani inayokwenda mbele robo saa, rimoti ambayo bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani kwa sababu vitu vizuri havishikwi kwa mkono mtupu. Mapazia yalikuwa yamefungwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo ili mwanga usiingie. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya televisheni akichomeka waya.

"Karibu, Wembe," akasema bila kugeuka.

Tangu aanze kusema, huyu mtoto aliniita dada. Nilimbeba mgongoni huyu. Hilo "Wembe" liliniingia, lakini sikumpa raha ya kuliona.

"Umekonda," nikamwambia. "Sanaa hailipi?"

"Inalipa. Ila kuna watu wanawaambia wateja wakatazame mchwa."

"Mchwa wana kipaji."

"Mchwa uliwatazama dakika ngapi?"

Akainuka, akafuta vumbi magotini, akatoa simu yake. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kelele.

"Ile linki mliyopewa ofisini, unajua nani aliituma?" akaniuliza. "Mimi. Kila mkosoaji anapewa ya kwake peke yake, na mwenye filamu anaona imetazamwa wapi na wapi. Njoo uone."

Akaniwekea simu usoni. Kulikuwa na mstari mmoja. Kushoto kipande kifupi cha kijani. Kulia kipande kifupi zaidi. Katikati kweupe.

"Ishirini," akasema. "Halafu kumi. Hapa, dakika hamsini na nne, hakuna mtu."

"Mtandao ulikatika."

"Ukakatika, halafu ukarudi dakika kumi za mwisho barabara. Mtandao wenye adabu huo."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale kwenye zulia la mama. Nikamuuliza amemwambia nani.

"Bado. Lakini barua kwa mhariri wako nimeshaiandika, na picha ya huu mstari nimeiambatanisha. Nabonyeza tu."

"Bonyeza basi! Unangoja nini? Si ndiyo kazi yako, kungoja watu wafe ndipo uchukue picha?"

"Filamu ikiisha nabonyeza."

"Nyamazeni," mama akasema. "Kaeni chini wote wawili. Mnanitia kizunguzungu."

Nikakaa ncha moja ya kochi, yeye ncha nyingine, mama katikati. Nitasema ukweli: nilikuwa naogopa. Nina miaka arobaini na sita, mume alishaondoka na watoto sikujaliwa. Kitu pekee nilichobaki nacho ni lile jina la juu ya safu yangu gazetini, na watu wanaoliogopa. Hilo jina lilikuwa sasa chini ya kidole gumba cha mtu niliyemwita fisi.

Filamu ikaanza. Jengo, magodoro, ngazi, vumbi. Dakika ya ishirini mguu wangu ukaanza kucheza. Picha ikabadilika.

Baba alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, macho maangavu. Ilikuwa moja ya wiki za mwanzo. Kidevuni alikuwa na kidonda kidogo, nikakijua mara moja, kwa sababu niliyemkata ni mimi, asubuhi ile nikimnyoa kwa haraka.

"Watu wanadhani mimi ndiye niliyetazama sinema nyingi kuliko wote mjini," baba akasema. "Uongo mtupu. Mwanzo nilikuwa nauona, maana lazima uhakikishe picha imekaa sawa. Mwisho nilikuwa nauona, maana lazima uwashe taa watu wasikanyagane. Katikati kote nimeinama. Narudisha mkanda, naunga uliokatika, naandaa mashine ya pili. Miaka ishirini na sita nimeinama."

"Kwa hiyo hadithi hukuwahi kuzijua?" Hiyo ilikuwa sauti ya mdogo wangu, nyuma ya kamera.

"Nilizijua zote! Dada yako alikuwa anapanda juu ya kreti la soda anachungulia kwenye kidirisha. Tukitembea kurudi nyumbani namuuliza, eti, katikati kulikuwa na nini? Ananisimulia mpaka tunafika mlangoni. Haruki kitu yule. Hata mbwa akipita nyuma ya watu, atakuambia mbwa amepita."

Nilikuwa na miaka minane, tisa, kumi. Nilijua kreti, nilijua kidirisha, nilijua lile swali lake. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa anauliza kwa kuwa hajui. Nilidhani ananipima. Nilidhani baba yangu amekwisha kuona kila kitu, kama baba wote, na ananichokoza tu ili nisichoke njiani. Kumbe kila jioni mimi ndiye niliyekuwa nampeleka sinema.

Ikaendelea. Mdogo wangu alikuwa amepanda hadi kile chumba cha juu, akaweka kreti chini ya kidirisha, akaliacha pale, picha ikatulia juu yake. Mama mmoja aliyekuwa anakata tiketi akasimulia jinsi nilivyokuwa nagombana na watu wazima wanaotoka kabla filamu haijaisha. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Robo tatu ya saa ilikuwa ni mimi, mimi tu, na mimi niliandika gazetini kwamba hakuna neno hata moja.

Kisha baba tena, amechoka zaidi, sauti imeshuka.

"Unajua kwa nini nilikuambia ulete hiyo kamera?" akamuuliza mwanawe.

"Sema mwenyewe, mzee."

"Dada yako nikianza kuongea naye, analia. Akilia anainuka kwenda kufua. Shuka zangu zimekuwa nyepesi kwa kufuliwa. Kwa hiyo nasema na wewe, nikiondoka umpe atazame. Wengine watachoka katikati. Yeye haruki." Akainua kidole. "Na usimwambie sasa. Ana hasira huyo, atakuvunjia kamera."

Mama akacheka puani.

"Sogea basi nikupige picha vizuri," sauti ya mdogo wangu ikasema. "Hiki kiti nikitoe?"

"Usikiguse. Cha dada yako hicho. Amekwenda kufua, anarudi."

Saa ya filamu pale chini ya kioo ilikuwa imefika sabini na tatu. Bado dakika moja tu kufika pale nilipokuwa nimerukia. Kisha mkono juu ya shuka, kupumua, na kiti. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya kukamatwa. Ile ya kukamatwa naijua, ina maneno mengi. Hii haikuwa na hata moja.

Filamu ikaisha. Hakuna aliyeinuka kufungua mapazia. Mdogo wangu akaweka simu juu ya paja lake, kidole tayari.

"Nilisinzia pale katikati," mama akasema. "Kulikuwa na nini?"

Mama alikuwa hajasinzia. Mapajani mwake kulikuwa na kitambaa cha karatasi alichokuwa akikichana vipande vidogo vidogo tangu dakika ya ishirini na moja.

"Tumuulize mtaalamu," mdogo wangu akasema.

Nilimtazama mama. Alinitazama na uso mkavu, kama mtu anayengoja chenji. Basi nikaanza. Nilisema baba alikuwa amekaa kitandani, ana kidonda kidevuni. Nilisema alivyoinama miaka ishirini na sita. Nilisema kidirisha. Nilimsimulia yule wa tiketi na miwani yake. Nilimsimulia kreti.

"Kreti la mikate," mdogo wangu akadakia.

"La soda. Niliyesimama juu yake ni mimi."

"Mimi nimelipata la mikate."

"Basi ulikosea, filamu yako ina kosa. Niache nimalize." Nikamaliza shuka, kufua, kiti.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka nini?"

"Unajua."

Nilijua. "Akasema nina hasira," nikamwambia mama. "Akasema nitamvunjia kamera."

"Na ukamvunjia," mama akasema.

"Nikamvunjia."

"Mwaka mzima nilikuwa naazima ya watu," mdogo wangu akasema, na sasa sauti yake haikuwa tulivu hata kidogo. "Mwaka mzima! Nakupigia nikuambie alichosema baba, hupokei. Nikaona, basi, nitaimaliza, nitampelekea kazini kwake, kule atatazama kwa sababu analipwa. Ukaangalia dakika thelathini."

Nilitoa simu nikampigia mhariri wangu, siku ya Krismasi, katikati ya kelele za nyumbani kwake.

"Namba tisa sikuitazama," nikamwambia. "Nilitazama mwanzo na mwisho tu. Nataka uandike hivyo, na uweke jina langu la kuzaliwa. Aliyeitengeneza ni mdogo wangu."

"Umelewa?"

"Bado."

"Unajua hii maana yake nini kwako?"

"Najua."

"Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu," akasema, akakata. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja, na ile sauti naijua. Huitumia kwa watu wanaokuja kuchukua vitu vyao kwenye boksi.

Mdogo wangu akaitazama barua yake ambayo sasa haikuwa na kazi. Akaifuta kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua. Pole kwa kamera."

"Na zile tisa nyingine?"

Nikaanza kunyoosha kitambaa cha kochi.

"Dada. Zile tisa nyingine."

"Kichwa na mkia," nikasema.

"Hata mchwa?"

"Hata mchwa."

Mama akapangusa vipande vya karatasi mapajani, akasema kwamba sikukuu ni ndefu, chakula kipo, na yeye haendi popote. Tuanze na namba moja. Nikasema, mama, ile ni upuuzi wa mjane na mwokaji mikate. Akaniuliza nimejuaje.

Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Mdogo wangu akawahi, nailoni ikalia mkononi mwake.

"Hii nakaa nayo mimi," akasema.

Mjane akafungua duka lake la maua, mwokaji akamfokea. Ilipofika dakika ya ishirini mkono wangu ukajisogeza wenyewe juu ya kochi, nyuma ya mgongo wa mama, na mdogo wangu, bila kunitazama, akaihamishia rimoti upande wa pili.